Lipia saa za mkufunzi, video ziache: wiki zangu sita kwenye kozi ya usaili wa kampuni za ushauri

Dakika ya nne ya usaili wangu wa kwanza wa majaribio, mkufunzi alivua miwani akaniuliza, "Nilikwambia mapato yamefanya nini?"

"Yamepanda."

"Sasa mbona bado unayachimba?"

Sikuwa na jibu. Mbele yangu kulikuwa na karatasi tatu zilizojaa visanduku na mishale, kalamu ya bluu kwa mambo makuu, nyekundu kwa matawi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetazama video 31 za kozi hii, nyingine mara mbili, na nilijiona nimeiva. Swali moja la mtu anayepumua likanikuta mbichi.

Kozi yenyewe sitaitaja jina. Nina malalamiko nayo, na isitoshe nyingi za aina hii zimefumwa kwa uzi mmoja: video, benki ya kesi, programu ya hesabu za kichwa, na saa kadhaa za mkufunzi aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya ushauri wa biashara. Ukijua hii yangu imeniinua wapi na imenipotezea muda wapi, utaweza kuikagua ile unayoifikiria wewe kabla hujalipa.

Kwanza ujue anayekusimulia ni nani. Mimi ni mhitimu wa isimu. Niulize kwa nini tunasema "mtu huyu" lakini "kijitu hiki", nitakukalisha saa nzima. Taarifa ya faida na hasara, hata hivyo, sikuwahi kuisoma hadi mwaka huu. Kampuni za ushauri huchukua wahitimu wa fani nyingi, mradi waonyeshe wanafikiri kwa utaratibu, na hilo ndilo lililonitia tamaa. Kama umesomea uhasibu au uchumi, sifa nitakazoimwagia sehemu ya hesabu zipunguze nusu.

Na neno "kesi" lisikutishe. Kwa hawa watu kesi haina hakimu wala wakili. Ni tatizo la biashara unaloelezwa kwa sentensi mbili tatu, kisha una kama nusu saa ya kulitatua kwa sauti huku msaili anakusikiliza, anakupa takwimu ukiziomba, na anaandika. McKinsey, mojawapo ya kampuni kubwa za ushauri, inajulikana kwa mtindo wa msaili kushika usukani, anakupeleka swali hadi swali. BCG na Bain, wapinzani wake wakubwa, mara nyingi humwachia mwombaji aongoze mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo: kwenye mtindo wa kwanza ukikwama unavutwa, kwenye wa pili ukikwama mnakaa kimya wote wawili.

Nianze na video, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa kwa mbwembwe. Ziko 42. Picha safi, sauti safi, msemaji ana shati lililonyooshwa hadi linaumiza macho. Anaanza na mti wa faida: faida ni mapato kutoa gharama, mapato ni bei mara idadi, gharama ni zile za kudumu na zile zinazopanda kadiri unavyozalisha. Hapo sawa, na kwa mtu wa isimu kama mimi somo hilo lilikuwa dhahabu. Baadaye anaingia kwenye nguvu tano za ushindani za Michael Porter, profesa wa Harvard, za mwaka 1979, kisha jedwali la visanduku vinne la Bruce Henderson, mwanzilishi wa BCG, la mwaka 1970, linaloziita biashara ng'ombe wa maziwa na mbwa na nyota. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kila somo linaisha kwa kukupa kiolezo: likija swali la kuingia soko jipya, chora hiki, likija swali la kununua kampuni nyingine, chora kile. Violezo 11 kwa jumla. Nilivikariri vyote kama kasuku.

Porter na Henderson hawana kosa. Walikuwa wanaeleza jinsi ya kuutazama ushindani na jinsi ya kugawa mtaji kati ya biashara mbalimbali za kampuni moja. Kosa ni kukigeuza chombo cha kufikiria kuwa nguo ya kuazima, uivae usaili wowote unaokuja. Msaili ameshawaona mia waliovaa hiyo hiyo.

Niwaonyeshe kwa kesi ile iliyonivua nguo. Kampuni inatengeneza masanduku ya safari. Kwa mwaka mmoja mapato yamepanda kutoka milioni 240 hadi milioni 250, lakini faida imeshuka kutoka milioni 36 hadi milioni 20. Kwa nini, na wafanye nini?

Mimi nikachora kiolezo namba moja. Nikaanza na mapato: bei, idadi, makundi ya wateja, mikoa, umri. Nikaahidi kurudi kwenye ushindani, wasambazaji na bidhaa mbadala. Nilizungumza kwa ufasaha kabisa, na sikusema kitu.

Mkufunzi aliponisimamisha, akaniambia nitoe tu. Toa faida kwenye mapato, upate gharama. Mwaka wa kwanza 204, wa pili 230. Gharama zimekua kwa milioni 26 wakati mapato yamekua kwa 10. Zamani kila 100 iliyoingia iliacha 15, sasa inaacha 8. Hesabu ya sekunde kumi na tano, na tayari nusu nzima ya mti umeikata. Sasa uliza swali moja tu: gharama zipi?

Nilipouliza, akanipa jedwali. Uzalishaji umeongezeka milioni 5, usafirishaji pamoja na mizigo inayorudishwa milioni 18, mengineyo 3. Akanyamaza. Nikakodolea macho ile 18. Kitu gani kinapandisha usafirishaji kiasi hicho wakati masanduku yenyewe hayajaongezeka sana? Nikauliza kama wamebadilisha namna ya kuuza. Akatabasamu kwa mara ya kwanza: wameanza kuuza moja kwa moja kwa wateja kwa intaneti. Basi picha ikajifungua yenyewe. Zamani lori moja lilipeleka masanduku 400 kwenye duka moja. Sasa masanduku 400 yanakwenda milango 400, na baadhi yanarudi kwa sababu rangi ya kwenye skrini haikufanana na rangi ya mkononi.

Tukaenda hadi sanduku moja. Duka linalinunua kwa 60, kulitengeneza ni 40, kulisafirisha 2: linabaki 18. Mteja wa intaneti analinunua kwa 80, kulitengeneza ni 40 vilevile, kulifikisha 15, marejesho na matangazo 17: linabaki 8. Wakurugenzi waliona bei ya 80 wakashangilia. Ushauri sasa unajiandika wenyewe: wateja wachukulie mizigo kwenye vituo, au ada ya kufikishiwa itengwe na bei, na picha za rangi zipigwe upya kabla ya kingine chochote.

Hakuna video kati ya zile 42 iliyonifundisha hayo. Ilichukua dakika ishirini na binadamu mmoja mwenye kiburi kidogo.

Kwa hiyo saa za mkufunzi ndizo bidhaa yenyewe. Unapewa sita. Unachagua kutoka orodha ya wakufunzi, na hapo uwe macho, kwa maana hawalingani hata kidogo. Wa kwanza wangu ndiye huyo wa miwani. Anakukatiza, anakuuliza "kwa hiyo?" mpaka unamchukia, na mwishoni anakupa alama kwenye mambo manne: mpangilio wa fikra, hesabu, hitimisho, na namna unavyosikika. Alama zangu za siku ya kwanza zilikuwa 2, 3, 1, 4 kati ya 5. Ile 4 ilikuwa ya namna ninavyosikika. Yaani nilikuwa mbabaishaji mwenye sauti nzuri.

Wa pili alikuwa mpole kupita kiasi. Kila nililosema lilikuwa "vizuri sana". Saa nzima ikapita nikitoka nimepakwa mafuta, bila kujua nimekosea wapi. Nilimtumia mara moja tu.

Huo utaratibu wa alama nilidhani ni mapambo, nikaja kuona una mizizi. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba usaili uliopangwa, ambapo waombaji huulizwa mambo yaleyale na kupimwa kwa kigezo kilekile, hutabiri utendaji wa kazi vizuri kuliko mazungumzo ya kupiga soga. Ukijua kuna karatasi ya alama mezani, unaacha kutafuta kupendwa. Unatafuta kuwapa kitu cha kuandika.

Kila kikao hurekodiwa, na rekodi unaipata kesho yake. Hiki ndicho kitu bora kuliko vyote kwenye kozi nzima, na kwenye tangazo lao kimetajwa kwa mstari mmoja mdogo chini kabisa. Sikiliza sauti yako ukiwa umekwama. Mimi nilijihesabu: "kwa hiyo" mara 47 katika dakika 28. Nilijisikia nikimjibu mkufunzi swali ambalo hakuuliza. Nilisikia pia ukimya wangu, ambao kichwani ulikuwa wa dakika tatu, kumbe sekunde tisa. Hilo lilinitibu hofu ya kunyamaza. Siku hizi naomba kabisa: nipe nusu dakika nipange mawazo. Hakuna aliyewahi kuninyima.

Kuna tabia moja iliyonigharimu wiki mbili kuiacha. Mimi hupenda kuanza simulizi tangu mbegu ilipopandwa, nifike kwenye matunda jua likizama. Washauri wanataka tunda kwanza. Barbara Minto, aliyeingia McKinsey miaka ya 1960, ndiye aliyeueneza mtindo huo wa piramidi: jibu juu, sababu chini yake, ushahidi chini ya sababu, na sababu hizo zisiingiliane wala zisiache pengo. Mkufunzi alinifanyisha zoezi la kutoa hitimisho kwa sentensi tatu kila baada ya kesi. Mara ya kwanza nilitoa sentensi tisa. "Umenizungusha mji mzima," akasema, "na nyumba yenyewe ilikuwa hapo kona."

Programu ya hesabu za kichwa inakwenda kwenye simu, na naipa alama za juu bila kinyongo. Dakika kumi kila asubuhi. Inakufundisha mbinu ambazo hakuna mwalimu aliyewahi kuninong'oneza: kwamba asilimia 18 ya 50 ni sawa na asilimia 50 ya 18, yaani 9, kwamba kitu kinachokua kwa asilimia 6 kwa mwaka kitaongezeka maradufu kwa takribani miaka 12, kwa kanuni ya kukadiria ya kugawa 72 kwa asilimia ya ukuaji, hapa 6. Kikotoo hakiruhusiwi kwenye kesi nyingi, karatasi na kalamu tu, na hofu inakula sifuri kama mchwa. Nilipoanza nilikuwa napotea kwenye sifuri mara moja kila maswali matano.

Hapa niseme jambo ambalo watengenezaji wa kozi hawakulifikiria, nami siwalaumu. Usaili wangu ulikuwa kwa Kiingereza, lakini kichwa changu huhesabu kwa laki. Laki tatu mara kumi na mbili ni laki thelathini na sita, nafika bila jasho. Kisha inabidi nizivushe hadi milioni tatu na laki sita, kisha nizitamke kwa lugha nyingine, na katikati ya mto ndipo sifuri moja huzama. Dawa niliyojitengenezea ni kuandika K kwa elfu na M kwa milioni pembeni ya kila tarakimu, nisiandike sifuri hata moja. K mara K ni M. Ukihesabu kwa laki kama mimi, anza kuandika hivyo leo.

Benki ya kesi ina kesi 60. Kumi na tano hivi ni nzuri, thelathini ni zilezile zimebadilishwa majina, na zilizobaki zina majibu yenye makosa ya hesabu. Nilituma ripoti ya makosa matatu, nikajibiwa kwa shukrani ya mashine, na hadi natoka makosa yalikuwa palepale. Kundi lililonifurahisha ni la makadirio. Kwa mfano: ukumbi wa kusubiria wa uwanja wa ndege wenye njia moja ya kurukia uwe na viti vingapi? Jibu la kozi lilianza na idadi ya watu wa nchi nzima, likazunguka ukurasa na nusu. Mimi na mkufunzi tulianza kwenye lami. Ndege moja kila dakika tatu saa za msongamano, yaani 20 kwa saa, nusu zinatua nusu zinaruka. Ndege 10 zinazoruka, abiria 150 kila moja, ni watu 1,500 kwa saa. Kila mmoja anakaa ukumbini kama saa moja na nusu, kwa hiyo kwa wakati mmoja wamo 2,250. Wengine wamesimama au wanazurura madukani, tuseme wanne kati ya watano wanataka kukaa: viti 1,800.

Hiyo hatua ya tatu, kwamba idadi ya waliomo ni kasi ya wanaoingia mara muda wanaokaa, ina mwenyewe: John Little aliithibitisha mwaka 1961, na inatumika kwa foleni ya benki, wodi ya wagonjwa, hata barua pepe ambazo hujazijibu. Ukiwa nayo mfukoni, nusu ya maswali ya makadirio yanakuwa mepesi. Kozi haiitaji popote. Badala yake kuna video ya dakika kumi na mbili kuhusu mwanafizikia Enrico Fermi, aliyedondosha vipande vya karatasi wakati bomu la kwanza la nyuklia lilipojaribiwa mwaka 1945, akatazama upepo wa mlipuko umevisukuma umbali gani, akakadiria nguvu yake kuwa kama tani 10,000 za baruti ya TNT. Nguvu halisi ilikuwa takribani mara mbili ya hapo. Nakiri hiyo ndiyo video pekee niliyoirudia kwa raha. Mtu anakosea kwa nusu na bado anasifiwa, ndiyo faraja niliyoihitaji wiki ile.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Usaili wa kampuni hizi una nusu mbili: kesi, na maswali kuhusu wewe mwenyewe. Kozi imeipa nusu ya pili video moja ya dakika tisa, yenye mpangilio ule maarufu wa hali, jukumu, hatua, matokeo. Basi. Kumbe McKinsey wana sehemu nzima ambapo msaili anachukua tukio moja la maisha yako na kulichokonoa kwa muda mrefu: ulisema nini, yeye akajibu nini, ukawaza nini, kwa nini hukufanya vingine. Huwezi kuivuka kwa dakika tisa.

Tukio langu lilikuwa la mwaka wa mwisho chuoni. Tulikuwa wanne, tunakusanya rekodi za wazungumzaji wazee kwa ajili ya utafiti. Wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho diski ikafa, na tukagundua mwenzetu mmoja hakuwa ameweka nakala kama tulivyokubaliana. Nililisimulia kwa uzuri: tulikutana, tuligawana kazi, tulirekodi upya, tulimaliza.

Mkufunzi wa miwani akasema, "Nimehesabu 'tuli-' kumi na mbili. Huyo 'tu' ni nani?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni jambo la fani yangu. Lugha yetu inamfunga mtendaji ndani ya kitenzi, silabi moja, na silabi hiyo ni mahali pazuri mno pa kujificha. "Tuliamua" inapita sikioni kwa unyenyekevu, hakuna anayejigamba, hakuna anayelaumiwa. Nimelelewa kuona "niliamua mimi" ni majivuno. Lakini msaili hawezi kuajiri "tu". Nikarudi nyumbani, nikaandika tukio lote upya, na kila penye "tuli-" nikajiuliza ni mkono wa nani. Ilikuwa kazi chungu. Kati ya zile kumi na mbili, zangu halisi zilikuwa nne. Mimi ndiye niliyempigia simu yule mwenzetu kabla ya kikao, ili asije akasulubiwa mbele ya watu. Mimi ndiye niliyependekeza tupunguze wazungumzaji kutoka 24 hadi 14, na nikaenda peke yangu kumweleza msimamizi. Nne tu, lakini zikasimama zenyewe kila nilipoulizwa "halafu?"

Kwenye usaili halisi swali hilo lilichukua dakika kumi na nane. Bila saa ile ya mkufunzi ningekwisha dakika ya nne. Na angalia: hakuwa anafuata mtaala wa kozi. Alifanya hivyo kwa hiari yake, baada ya mimi kumwomba tuache kesi kwa siku moja.

Mambo mengine ambayo kozi haigusi kabisa: zoezi la kundi, ambapo waombaji sita mnapewa tatizo moja na watazamaji wanakaa pembeni. Mtindo huo wa kundi lisilo na kiongozi jeshi la Uingereza lilikuwa linautumia kuchagulia maofisa tangu 1942, si kitu cha jana, na kampuni nyingi kubwa zinautumia kwa wahitimu. Mimi nilikutana nao bila maandalizi. Majaribio ya kwenye kompyuta, yale ya kuchambua majedwali kwa haraka au kucheza mchezo wenye mazingira na viumbe, yamepewa ukurasa mmoja wenye picha za zamani.

Ukaguzi wa wasifu upo pia. Walinirudishia baada ya siku mbili, wamebadilisha "nilishiriki" kuwa "niliongoza" mahali ambapo sikuongoza. Nikarudisha ilivyokuwa. Usimwache mtu akutilie chumvi kwenye karatasi utakayokuja kuulizwa wewe.

Kuhusu matokeo, maana najua ndiyo mnayoyatafuta. Kampuni ya kwanza ilinikataa baada ya duru ya kwanza, wiki ya tatu ya kozi, bado nikiwa mfungwa wa violezo. Kampuni ya pili nilifika hadi kwa mkurugenzi. Hakuwa na jedwali wala karatasi. Aliniuliza: maktaba ya chuo imepoteza nusu ya wageni wake, ungefanya nini? Mkono wangu ulitaka kuchora mti wa faida. Nikauzuia, nikauliza kwanza kama maktaba ile inajali wageni au inajali kusomwa, kwa sababu watu wanaweza kuacha kuja huku wanasoma zaidi kwenye skrini. Akaegemea kiti, tukazungumza dakika arobaini. Naanza kazi mwezi ujao. Kwenye tangazo la kozi nimeshahesabiwa miongoni mwa "waliofaulu nasi", na waliokataliwa kama mimi wa wiki ya tatu sijui wamehesabiwa wapi.

Nyota: hesabu za kichwa tano, rekodi tano, mkufunzi wa miwani tano, mkufunzi mpole moja, benki ya kesi mbili, video mbili kwa heshima ya Fermi. Kama wanauza saa za mkufunzi peke yake, nunua hizo. Kabla ya kumchagua muulize kwa ujumbe kama huwa anawakatiza watu. Akijibu kwamba hapana, yeye husikiliza hadi mwisho, tafuta mwingine.

Saa moja ya mkufunzi imebaki kwenye akaunti yangu. Niliwaandikia kuomba nimpe mdogo wangu, ambaye anaanza kutuma maombi. Wakajibu siku hiyohiyo, haraka kuliko walivyowahi kunijibu kuhusu makosa ya hesabu: haihamishiki, na itafutika mwisho wa mwezi. Kwa hiyo jana usiku nilivaa miwani ya kusomea nisiyoihitaji, nikampa ile kesi ya masanduku. Alipofika kwenye umri wa wateja nikaivua, nikaiweka mezani, nikamuuliza nilimwambia mapato yamefanya nini.